masizi
nm [ya-]

1. Weusi wa moshi ushikao chunguni au dohani. 2. Mabaki ya baruti iliyoungua ndani ya mtutu wa bunduki.

Matumizi: Magobore yaliyofika Usambara, iliko Bungu, kwa njia ya Pangani katika karne ya 19 yalitumia baruti nyeusi. Masizi yake yana chumvi inyonyayo unyevu, hivyo huoshwa kwa maji ya moto, kisha mtutu hukaushwa na kupakwa mafuta. Masizi ya risasi za kisasa hulainishwa kwa mafuta na kusuguliwa kwa brashi.

Tanbihi: Masizi si kutu. Masizi hushika juu ya chuma, kutu hukila. Mfasiri akiyachanganya, msomaji atapaka mafuta palipotakiwa maji, na mtutu utaharibika.