Kabla ya Mashine Palikuwa na Beni

Ndugu msikilizaji, miezi kadhaa iliyopita daktari mmoja wa hapa mjini alinifunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha, akapampu, akatazama, akanyamaza. Halafu akapampu tena. Mtu wa redio huogopa kimya kuliko kitu kingine chochote, nami nikajua mambo si mazuri. Akaniuliza hukaa kitini saa ngapi kwa siku. Nikaanza kuhesabu, nikaacha. "Mzee wangu," akasema, ingawa hata 50 sijafika, "tembea. Kimbia kidogo. Dakika 150 kwa wiki, wala si nyingi."

Kesho yake alfajiri nikavaa raba na kaptura, nikatoka nyumbani Kariakoo, nikaanza kukimbia kuufuata Mtaa wa Swahili. Kona ya Mkunguni sikuifika. Mama mmoja aliyekuwa akiwasha moto wa chai aliinua kichwa akauliza kwa sauti, "Kuna nini huko?" Kijana aliyelala juu ya maboksi akajibu bila kufungua macho vizuri: "Mwizi!" Wakainuka wawili, kisha watatu. Ilinibidi nisimame, ninyooshe mikono juu, nieleze kwamba nafanya mazoezi. Yule mama akanitazama kuanzia raba hadi kitambi. "Mazoezi gani hayo ya mtu mmoja, baba?"

Swali hilo nimetembea nalo kwa wiki nyingi, na leo naomba tulizungumze. Maana nilipofungua vitabu vya historia ya mji huu niliona kuwa mama yule alisema jambo kubwa kuliko alivyojua.

Rafiki yangu mmoja, mwenye uwezo, alinishauri ninunue mashine ya kukimbilia ndani ya nyumba. Yeye anayo. Nilikwenda kuiona. Imesimama karibu na dirisha, na juu yake zilikuwa zimeanikwa suruali mbili na shuka. Nikamweleza asili ya kitu hicho. Huko Uingereza, mwaka 1818, mhandisi William Cubitt alibuni gurudumu kubwa lenye vipandio, wafungwa wakawa wanapanda bila kufika popote, saa baada ya saa. Ilikuwa adhabu. Baadhi ya magereza yalitumia gurudumu hilo kusagia nafaka, mengine hayakusaga chochote ila miguu ya watu. Waingereza wenyewe waliliacha mwishoni mwa karne hiyo kwa kuona ni ukatili. Leo ndugu wa gurudumu hilo anauzwa kwa mamilioni ya shilingi, nasi tunashangaa kwa nini mtu akipanda siku tatu anachoka moyo.

Sasa turudi kwetu. Kila mkazi wa Dar es Salaam anajua, au anapaswa kujua, kwamba jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Waingereza waliutwaa mji huu kwa Wajerumani Septemba 1916, na wapagazi hao wakawekwa hapa. Walikuwa watu waliochukuliwa vijijini, wengi kwa nguvu, wakabebeshwa mizigo ya ratili 50 au 60 na kutembezwa porini. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kwa hiyo mtaa wetu umepewa jina la miguu iliyochoka. Nalisema hili mapema ili pasiwe na mtu wa kudhani nawahimiza mazoezi wale vijana wanaosukuma mikokoteni pale sokoni tangu saa kumi usiku. Hao wanahitaji kiti.

Lakini angalieni watu wale walivyofanya walipokuwa na nafasi ya kupumua. Walicheza beni.

Beni ilizaliwa pwani ya Kenya, Mombasa na Lamu, mwishoni mwa karne ya 19, ikiiga bendi za matarumbeta za Wazungu. Ikashuka Tanga na Dar es Salaam kabla ya vita, na vita vyenyewe vikaibeba hadi bara, kwa kuwa askari na wapagazi wa pande zote mbili walikuwa nayo. Profesa Terence Ranger, aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliiandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1975. Katika mji wetu vyama vilikuwa viwili: Marini na Arinoti. Kwa jumla Marini walikuwa watu wa mjini waliojiona wamestaarabika, makarani na wenzao. Arinoti walikuwa zaidi watu wa kazi za mikono, wengi wakiwa wamekuja kutoka bara. Kila chama kilikuwa na mfalme wake, majenerali wake, na hata madaktari na wauguzi wake. Kila chama kilikuwa na sare zilizoiga za wanajeshi na mabaharia.

Na walikuwa wanafanya nini hasa? Gwaride! Mistari ya watu waliokwenda kwa hatua moja, kugeuka kwa pamoja, kupiga saluti, kuimba, huku ngoma na matarumbeta yanalia. Jioni za wiki walifanya mazoezi, siku za sikukuu wakashindana. Mtu aliyeshinda mchana kutwa akipakua meli bandarini alirudi, akaoga, akavaa sare, akaenda kutembea tena kwa saa kadhaa, mara hii kwa hiari yake na kwa cheo cha kanali. Hapo ndipo nilipoweka kitabu chini nikacheka peke yangu. Hatua zilezile alizolazimishwa vitani ndizo alizozigeuza starehe, kwa sababu sasa palikuwa na wimbo, palikuwa na wenzake, na ng'ambo ya pili palikuwa na mahasimu wa kuwaonyesha.

Waingereza hawakuipenda sana. Maofisa wao waliitilia mashaka, wakijiuliza Mwafrika anayejiita jenerali ana nia gani. Ngoma za mjini zikawa za vibali na za mahali maalumu. Hata hivyo beni haikuuawa na kibali, iliuawa na dansi, ambalo vijana wa miaka ya 1930 waliliona ndilo la kisasa.

Wanawake nao walikuwa na lelemama. Marehemu bibi yangu alikuwa mmoja wao, na hadi uzeeni akisimama kuchota maji ungedhani kuna mtu anampiga picha. Lelemama si ngoma ya kurukaruka. Wachezaji husimama mstari na kusogea taratibu, mikono na mabega vikienda pamoja, kwa saa nyingi. Jaribu, msikilizaji, kusimama wima na kunyoosha mikono kwa robo saa tu, halafu uniambie kama ni mchezo. Vyama vya lelemama vilishindana kwa nguo, kwa nyimbo na kwa karamu, na wenye busara wa wakati ule walisema ni upuuzi wa wanawake wasio na kazi.

Upuuzi huo ulikuja kuleta jambo. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954 hapahapa Kariakoo, katika mtaa uliokuwa ukiitwa New Street na ambao sasa ni Lumumba. Mwaka uliofuata alikuja mgeni kutoka Chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza wanawake wa chama hiki wako wapi. Akatafutwa Bibi Titi Mohamed, ambaye watu wa mjini walimjua kama mwimbaji wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba. Bibi Titi hakuanza kwa kugonga mlango mmoja mmoja. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, maana kila kikundi tayari kilikuwa na mwenyekiti, michango, utaratibu wa kuitana na watu waliozoea kusimama mstari mmoja. Katika miezi michache maelfu ya wanawake wakawa na kadi. Miili iliyozoezwa pamoja ilikuwa tayari kwenda pamoja.

Mpira nitaugusa tu, kwani Yanga ya mwaka 1935 na Sunderland ya mwaka 1936, iliyobadili jina kuwa Simba mwaka 1971, zinahitaji mazungumzo yao peke yake, na nikianza hapa nitapata barua za matusi. Itoshe kusema kwamba ule uhasama wa Marini na Arinoti haukupotea hewani.

Mimi sikuwahi beni. Nilichowahi ni mdundiko. Ngoma hii ya Wazaramo haikai mahali pamoja. Hutembea. Inatoka penye harusi au mwali, inakata mitaa, na kila inapopita inazoa watu. Nikiwa na miaka minane hivi niliufuata mdundiko kutoka karibu na soko, tukateremka Jangwani, tukapanda Magomeni, sijui lini jua lilizama. Nilipotanabahi nilikuwa mahali nisipopafahamu, pekupeku, sina hata chembe ya uchovu. Mzee mmoja akanishika mkono akanirudisha kwa miguu. Kwenda na kurudi hazipungui kilomita sita. Nyumbani nilichapwa, na uchovu ukaanza hapo.

Shuleni tulikuwa na mchakamchaka. Ulitoka katika moyo wa zama zile: Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, maili zaidi ya 130, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Basi nasi watoto tukakimbizwa asubuhi tukiimba, vumbi linatimka, mmoja anaanzisha na wote tunaitikia. Sijasahau kwamba nyuma yetu palikuwa na mwalimu mwenye fimbo. Ila nyimbo zile nazikumbuka zote, na fimbo ile simkumbuki hata aliyeishika.

Serikali imejaribu mara kwa mara kutuamsha. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na kuagiza kila Jumamosi ya pili ya mwezi iwe siku ya mazoezi nchini. Wazo zuri. Tatizo la siku ya mazoezi, kwa maoni yangu, ni kwamba watumishi huja, hupiga picha na bango, na Jumatatu lifti inajaa kama kawaida. Wajapani wamefanikiwa zaidi, nasema hivyo kwa wivu wa kikazi: tangu mwaka 1928 redio yao hutangaza mazoezi ya viungo kwa muziki, na watu hujinyoosha pamoja viwanjani na kazini.

Kitu kilichoshika hapa kwetu hakikutoka ofisini. Ni klabu za jogingi. Jumapili alfajiri simama barabara yoyote kubwa, Ilala, Temeke au Kinondoni, utaziona: watu hamsini, mia, fulana za rangi moja, kiongozi pembeni anaanzisha, wengine wanaitikia, filimbi inalia, daladala linasubiri. Hakuna anayeita mwizi. Ukiuliza utakuta klabu ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na mtu wa nidhamu anayetoza faini. Inachangia msiba, inachangia harusi, inatembelea klabu ya upande wa pili wa jiji na kutaka kuifunika kwa sare na sauti. Mimi nikizitazama namwona kanali wa Arinoti.

Nilijiunga na moja. Siku ya kwanza niliishia Mnazi Mmoja nikiwa nimeshika magoti. Nikiwa nimeinama hivyo nilikumbuka historia ya mahali pale. Wajerumani na kisha Waingereza waliugawa mji kwa kanda, na uwazi ule wa Mnazi Mmoja uliachwa kati ya Uhindini na Kariakoo ili kuwatenga Waafrika, kwa kisingizio cha afya. Ukuta wa hewa. Lakini watu waliokatazwa ng'ambo waliugeuza ukuta huo kuwa uwanja wao. TANU ikafanyia mikutano hapo, vijana wakachezea mpira.

Sasa hesabu viwanja vilivyobaki. Kariakoo ya utoto wangu ilikuwa ya nyumba za Kiswahili zenye ua, na mitaa ambayo mchana wasichana walicheza rede na jioni wavulana walipiga chandimu. Nyumba zile zimekuwa ghorofa, ua umekuwa stoo, mtaa umekuwa meza za bidhaa. Jangwani hujaa maji mvua ikinyesha. Tunashukuru kwa uwanja wa vijana wa Kidongo Chekundu uliofunguliwa Oktoba 2015 (waliosaidia kuujenga ni pamoja na Sunderland wa Uingereza, watu wa Msimbazi wakafurahi), lakini mji wa mamilioni ya watu hauwezi kujinyoosha juu ya nyasi hizo tu. Ndiyo maana klabu zinakimbilia barabarani, katikati ya malori na bodaboda, na kila Jumapili mtu wetu mmoja hutangulia na kitambaa chekundu kusimamisha magari yasitugonge. Kazi hiyo hana malipo wala bima. Wapangaji wa mji wanaochora maegesho kila siku, je, wameshamwona?

Presha yangu imeshuka kidogo, daktari hakunyamaza mara ya mwisho. Kijana aliyeniita mwizi sasa yuko mstari wa pili, ana sauti nzuri kuliko sisi sote. Jumapili iliyopita tulikuwa na kikao kirefu juu ya rangi ya fulana, kwa kuwa klabu ya jirani nayo imehamia bluu na hilo haliwezi kuachwa hivihivi. Nami nadaiwa faini ya shilingi elfu mbili kwa kuchelewa. Nilijitetea kwamba nilikuwa narekodi mazungumzo haya. Mtu wa nidhamu akaandika jina langu.