Mbeleko, nyonga na safari ya kusini



Mabibi harusi wa siku hizi wakiisoma karatasi ya mahari na mila, kilemba cha baba wanakielewa, mkaja wa mama wanauelewa, lakini wakifika kwenye mbeleko wengi wanacheka. Wanadhani wazee wameongeza jina ili waongeze hesabu. Mbeleko ni nguo ya kubebea mtoto mgongoni, na bwana harusi humpa mama mkwe kwa kuwa mgongo wa mama huyo ndio uliombeba binti. Sasa hivi inatolewa kama pesa ndani ya bahasha, na nguo yenyewe haionekani. Sisi tunaouza nguo tunasikitika kidogo, na si kwa ajili ya biashara tu.

Leo tunaizungumza nguo hii kwa sababu ya kiungo kimoja cha mwili, nyonga. Sisi ni wa Unguja kwa kuzaliwa, ndoa na biashara vikatupeleka Nachingwea. Huko tuna cherehani na mafundi, na Ruangwa tuna duka dogo la vitenge na madera. Mtoto wetu wa pili ana Down syndrome, na miaka mitatu ya maisha yake imekwenda kwenye matibabu ya nyonga. Katika kuuliza na kusoma tumekuta historia ambayo wanawake wamo ndani yake kuliko wanavyotajwa.

Nyonga imeungwa kama kile kifungo cha kubonyeza tunachokishona kwenye nguo za watoto: upande mmoja una kichwa, upande wa pili una kikombe. Kichwa ni ncha ya juu ya fupa la paja, kikombe kiko kwenye mfupa wa kiuno. Kwa mtoto mchanga kikombe bado ni laini, na kichwa kisipotulia ndani yake kikombe hakichimbiki vizuri. Mtoto anakua na nyonga iliyokaa pembeni, na huchechemea maisha yake yote.

Kwa muda mrefu Ulaya ugonjwa huu uligunduliwa mtoto akishaanza kutembea vibaya, yaani umeshachelewa. Katika miaka ya 1930, katika mji wa Ferrara, Italia, mama mmoja alimpelekea daktari wa watoto, Marino Ortolani, mwanawe mchanga akamwambia kwamba kila akimsafisha anahisi kitu kinagonga nyongani. Ortolani hakumpuuza. Alimkunja mtoto miguu, akaipanua taratibu, naye akausikia ule mgongo wa kichwa kinachorudi kwenye kikombe. Mwaka 1937 akachapisha kipimo ambacho mpaka leo hufanyiwa watoto wachanga duniani, na kinaitwa kwa jina lake. Jina la mama yule sisi hatujaliona popote.

Baada yake alikuja Arnold Pavlik, daktari wa mifupa wa Chekoslovakia. Alibuni mikanda inayomshika mtoto magoti yakiwa yamekunjwa na mapaja yamepanuka, lakini mtoto anaendelea kurusha miguu. Kabla ya hapo watoto walifungwa kwa nguvu wasijitikise kabisa, na wengi kichwa cha fupa kiliharibika kwa kukosa damu. Ukiitazama picha ya mtoto aliyevaa mikanda ya Pavlik, utaona ni mkao uleule wa mtoto aliye mgongoni kwenye kanga: magoti juu, mapaja yamekumbatia kiuno cha mama.

Jambo hilo madaktari wamelifuatilia hapa jirani, Malawi. Mwaka 2015 ilichapishwa taarifa ya hospitali moja ya mifupa ya Blantyre: katika takriban miaka 10 walipitiwa na watoto zaidi ya 40,000, na hakuna hata mmoja aliyetibiwa kwa nyonga ya kuzaliwa nayo. Waandishi walisema sababu kubwa wanayoiona ni akina mama kubeba watoto mgongoni. Japani nako, ambako watoto walikuwa wakifungwa miguu ikiwa imenyooshwa, katika miaka ya 1970 wazazi waliambiwa waache miguu ya mtoto ijikunje yenyewe, na ugonjwa ukapungua sana. Kwa hiyo wakandaji wetu wanaomnyoosha mtoto miguu baada ya kumkogesha, kisha wakamfunga kama mkungu wa ndizi, tuwaombe kwa adabu wasimvute.

Hapo sasa ndipo mzazi wa mtoto mwenye Down anapoweza kujidanganya. Wetu alibebwa sana, na mama mkwe wetu wa Kimwera ndiye aliyembeba kuliko sisi. Mbeleko ilifanya kazi yake. Lakini nyonga ya watoto hawa ina njia nyingine. Wengi wao huzaliwa nyonga zikiwa mahali pake, ila kano zinazoshikilia kiungo ni laini na misuli ni milegevu. Tatizo huja baada ya mtoto kuanza kutembea, mara nyingi kati ya miaka 2 na 10. Vitabu vya madaktari wa mifupa hutaja kati ya mtoto 1 na 7 katika kila 100 wenye Down. Mwanzoni haumi. Nyonga hutoka na kurudi yenyewe, mtoto anaendelea kucheza, na wengine huitoa wenyewe kama mchezo. Baadaye inatoka mara nyingi zaidi, anachechemea, anakataa ngazi, anaomba kubebwa. Ikiachwa hutoka moja kwa moja.

Wetu alianza kutembea na miaka mitatu, Alhamdulillah, na alipofika minne tukausikia mlio. Tuliusikia tukimvalisha suruali. Tukaenda kituo kimoja cha afya, tukaambiwa watoto hawa ndivyo walivyo, viungo vyao ni laini. Tukarudi mara ya pili na ya tatu, jibu ni hilohilo, na hakuna aliyemlaza kitandani akamkunja mguu. Ulipita mwaka mzima na miezi kabla hajapigwa eksirei.

Neno hilo, "ndivyo walivyo", lina historia yake. Mwaka 1866 daktari Mwingereza John Langdon Down, aliyekuwa akisimamia makazi ya watu wenye ulemavu wa akili huko Earlswood, aliandika sifa za watoto hawa na akawaita kwa jina la watu wa Mongolia, kwa sababu ya macho yao, kana kwamba ni kabila. Katika mambo mengine alikuwa mwema kwa wagonjwa wake, na miaka mingi baadaye mjukuu wake mwenyewe alizaliwa na hali hiyohiyo. Lakini jina lile lilidumu karibu karne nzima. Mwaka 1965 Mongolia yenyewe ililiomba Shirika la Afya Duniani liache kulitumia. Chanzo kilijulikana mwaka 1959 mjini Paris: mtoto ana kromosomu moja ya ziada, ya 21. Sifa ilikwenda kwa Jérôme Lejeune. Aliyeijenga maabara na kuotesha zile chembe hadi kromosomu zikahesabika alikuwa daktari mwanamke, Marthe Gautier, na katika karatasi ya kwanza hata jina lake la ukoo liliandikwa kwa makosa. Sisi mafundi tunamwelewa sana Bibi Gautier. Mmoja anakata na kushona, mwingine anapigwa picha na gauni.

Mtu akishaamini kwamba ugonjwa wote wa mtoto unatokana na Down, haangalii tena nyonga wala sikio wala moyo. Na moyo ni jambo kubwa, kwani karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo.

Sasa kuhusu safari. Nachingwea ilikua mji kwa ajili ya karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa kilimo hicho Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wakajenga bandari Mtwara na reli ya kuja bara, wakaleta matrekta, na mwaka 1951 wakauacha mradi baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Treni nayo haikudumu, reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wazee wa huko husimulia habari za reli kama watu wanaosimulia jamaa aliyesafiri asirudi. Tangu hapo mgonjwa wa Nachingwea na Ruangwa ni mtu wa barabara. Kwa miongo mingi wagonjwa wamekimbilia hospitali za misheni, Ndanda na Nyangao, na mwaka 2021 hospitali ya rufaa ya kanda ya kusini ilianza kazi Mtwara. Lakini upasuaji mgumu wa mifupa ya watoto bado maana yake ni Dar es Salaam, ambako kuna CCBRT iliyoanza mwaka 1994 na taasisi ya mifupa ya Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996.

Ni kama kilomita 600. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na mvua zikizidi safari ilihesabiwa kwa siku. Hata sasa barabara hiyo si ya kuamini sana. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, ilikatika Somanga na watu wakalala njiani.

Wetu alitibiwa Dar. Kwanza walipima moyo, kisha wakapiga picha ya shingo, kwa sababu mifupa ya juu ya shingo ya watoto hawa inaweza kuwa haijashikana vizuri, na mtoa dawa ya usingizi lazima ajue kabla hajamlaza kichwa. Akhawati, hili mlikumbuke hata kama mtoto anapasuliwa jipu tu. Kisha wakamfanyia upasuaji, wakakaza mfuko wa kiungo na kugeuza mfupa ili kikombe kifunike kichwa vizuri zaidi. Upasuaji wa namna hiyo wa kukata mfupa wa kiuno ulianzishwa Toronto na daktari Robert Salter, aliyeuandika mwaka 1961. Baada ya hapo akafungwa plasta, ile P.O.P., kuanzia kifuani hadi vifundoni, miguu imepanuliwa kama mtu aliyepanda punda.

Na hapo vitabu vinanyamaza, kazi inabaki kwa mama. Mtoto mwenye plasta hiyo haingii kwenye kiti kimoja cha basi, tulilipia viwili. Hakuna nguo inayomfaa. Tulimshonea kanzu zilizo wazi ubavuni, za kufunga kwa kamba begani na kiunoni, na suruali mbili zenye mshono wa ndani uliofunguliwa wote. Kingo za plasta tulizizungushia pamba na kitambaa laini, maana zinakata ngozi ya paja. Nepi ndogo iliingizwa ndani ya uwazi, kubwa ikafungwa kwa nje. Kila baada ya saa mbili tulimgeuza, mchana na usiku, na tulinusa. Plasta inayoanza kunuka vibaya ina kidonda ndani. Vidole vya miguu tulivitazama kila mara, vikivimba au vikibadilika rangi ni kurudi hospitali siku hiyohiyo. Mbeleko haikuwezekana. Bibi yake alikaa naye mkekani wiki zote hizo, na sijda zake alikuwa akizifanya pembeni yake ili asilie kwa kumkosa.

Plasta ilipotolewa alikuwa amesahau kutembea. Ilichukua miezi mingine saba, kwanza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kisha akishika ukingo wa meza ya kukatia nguo, baadaye kwa kifaa cha kusukuma ambacho fundi seremala wa Ruangwa alikitengeneza kwa mbao za mninga. Mguu mmoja umebaki mfupi kidogo, na fundi viatu anaongeza soli.

Tuliambiwa wazi kwamba kwa watoto wenye Down nyonga iliyotengenezwa inaweza kutoka tena, kwa kuwa kano ni zilezile. Kwa hiyo kila mwaka anapigwa eksirei, na itakuwa hivyo mpaka mifupa iache kukua. Ya mwaka huu tumeipanga baada ya minada ya korosho, maana ndipo wateja wanapolipa madeni ya nguo.