Zeppelin Iliyotakiwa Ichanwe Ishonwe Sare, na Watu wa Ugogo Waliovalishwa Namba

Kuna chombo kimoja cha anga ambacho kingefika nchini kisingeruka tena. Kilikuja makusudi kichanwe, kishonwe nguo.

Ni Novemba 1917, Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck wamebanwa kusini huko na wamechakaa vibaya. Waingereza wamefunga bahari, mzigo hauingii. Kaki za askari zimeisha, wanafuma pamba wenyewe na kuitia rangi ya mmea unaoitwa ndaa. Viatu ni ngozi ya mnyama yeyote atakayepatikana.

Ujerumani ikaja na akili moja kali. Ikaandaa Zeppelin L59, mita 226, yani viwanja viwili vya mpira na chenji inabaki. Ndani kuna tani 15 za risasi, bunduki za rashasha, dawa na bendeji. Gesi ya kuijaza upya huku haikuwepo, kwa hiyo tiketi ilikuwa ya kwenda tu. Ikishatua, kitambaa cha nje kinageuka mahema na nguo. Mifuko ya gesi inakuwa ya kulalia. Ngozi ya njia za ndani ambazo mafundi walikuwa wanapita inakuwa viatu. Mifupa yake inasimamishwa kuwa minara ya redio. Hakuna cha kutupa hapo, hata mafundi wa Gerezani wangevua kofia.

Iliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba, ikakatiza Misri mpaka Sudan. Huko ikapokea amri: rudini. Tarehe 25 ikatua ilikotoka, saa 95 angani, kilomita 6,757. Siku hiyohiyo Lettow alikuwa anavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Aprili 1918 ikalipuka angani karibu na Italia, wote waliokuwemo wakafa.

Stori huwa inaishia hapo, na watu wanaipenda sana. Ila kuna upande wa Dodoma, na huko hakuna mtu aliyetumiwa Zeppelin.

Reli ilifika Dodoma 1910, na vita ilipokuja reli hiyohiyo ikawaletea Wagogo balaa. Wajerumani walipokuwa wanarudi nyuma 1916 walibeba ng'ombe, wakabeba chakula, wakabeba na wanaume wa kubeba hivyo vyote. Mwishoni mwa Julai mji ukatekwa na jeshi la upande wa Uingereza. Ungedhani afadhali. Wapi! Nao walitaka ng'ombe, nafaka na wapagazi.

Mpagazi sare hana. Kwenye kikosi cha Waingereza alipewa kisahani cha chuma chenye namba, anakivaa shingoni kwa kamba. Hicho ndicho kilikuwa beji yake. Akifa njiani kwa kuhara au kwa njaa (na ndivyo walivyokufa wengi, kuliko kwa risasi), kinachofutwa kwenye daftari ni namba. Jina la Kariakoo, pale watu wanapofuata viatu vya mtumba, limetoka kwenye jina la Kiingereza la kikosi hicho, Carrier Corps.

Nyumbani Ugogo walibaki wanawake, wazee na watoto. Mifugo imeondoka, nguvu kazi imeondoka, halafu mvua ikagoma. Njaa ya 1917 mpaka 1920 Wagogo wakaiita Mtunya. Juu yake ikaja homa kali ya mafua ya 1918. Makadirio ya wanahistoria ni watu kama 30,000, karibu mmoja katika kila watano wa Ugogo.

Jina la nahodha wa L59 linajulikana, Ludwig Bockholt. Idadi ya watu wake pia, 22, na saa walizoruka zimehesabiwa. Mama wa Kigogo aliyekuwa anachimba mizizi porini ili watoto wafike kesho yake, hakupewa hata kile kisahani.