Furushi si Bando

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikayumba Tanzania. Siku kama hiyo, mwandishi wa programu wa Tegeta anayetaka kumfikishia mwenzake wa Temeke mradi wao amebaki na flashi na daladala. Mwenzake anaukloni kutoka kwenye flashi. Mradi unashuka, lakini baadhi ya folda ni tupu.

Folda hizo ni za sabumoduli. Git, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, huruhusu ghala la msimbo kukaa ndani ya ghala jingine. Tukitafsiri sisisi tunapata "moduli ndogo", kana kwamba ni kipande cha mradi. Kumbe ni ghala kamili lenye historia yake. Mradi mkuu hutunza hasa mambo mawili: anwani ya ghala hilo, katika faili la .gitmodules, na utambulisho, kwa kawaida wa herufi na tarakimu 40, unaotaja toleo linalotakiwa.

Ghala hilo la ndani mimi naliita ghala mpangaji. Mwenye nyumba anajua jina la mpangaji na chumba chake. Vyombo vya ndani si vyake. Mwenye nyumba akihama, vyombo hivyo havimfuati.

Git pia hufunga ghala zima, pamoja na historia yake, katika faili moja. Jina la Kiingereza la faili hilo ndilo lililotuzalia "bando" la simu. Lakini bando hununuliwa, na likiisha umekwama. Hili la Git hubebwa begani, hivyo naliita furushi.

Furushi la mradi mkuu halibebi vitu vya mpangaji. Kila ghala lifungiwe lake, kisha kwenye kompyuta ya Temeke anwani zielekezwe kwenye mafurushi hayo. Tangu Oktoba 2022 kuna kikwazo kingine: kwa sababu za usalama, Git hukataa kuvuta ghala mpangaji kutoka kwenye faili la kompyuta hiyohiyo mpaka uiruhusu waziwazi.

Tena mpangaji naye huweza kupangisha. Anayesikia "moduli ndogo" hahesabu kitu. Anayesikia "mpangaji" huuliza wako wangapi, na nani kapangisha tena, kabla hajapanda daladala.