Dereva, Tajiri na Karatasi Jijini Nairobi
Anayetafuta dereva wa nyumbani Nairobi leo hudai leseni, hati ya tabia njema kutoka polisi, na jina la tajiri wa zamani. Desturi hii ya kumpekua mwajiriwa peke yake ina mizizi ya kikoloni. Sheria ya mwaka 1915, iliyokuja kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kubeba kitambulisho kilichoitwa kipande, mara nyingi kikining'inia shingoni ndani ya kikasha cha chuma, chenye alama za vidole, mshahara, tarehe ya kuajiriwa na ya kuachishwa. Bila sahihi ya tajiri wake, hakuweza kuhama kazi kihalali. Mwanasiasa Harry Thuku aliupinga mfumo huo. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, ukamiminiwa risasi.

Wapo watakaosema karatasi humlinda mwenye gari na mtoto anayepelekwa shule. Ni kweli, jiji ni kubwa, na ndugu wa kumdhamini mgeni wako mbali. Lakini kipande kilipima utiifu, si uaminifu, na hakikumfichua tajiri aliyezuia mshahara. Dereva naye ana haki ya kuuliza kwa nini waliomtangulia kwenye usukani huo waliondoka.