Maktaba ya Leuven: Kukumbuka Uovu Bila Kurithisha Uadui

Mlutheri anayeijua historia hana sababu ya haraka ya kuupenda mji wa Leuven. Mwaka 1519 wanatheolojia wa chuo kikuu cha mji huo, ulio katika Ubelgiji ya leo, waliyalaani mafundisho ya Martin Luther. Hata hivyo, maktaba ya chuo hicho ina fundisho tusilopaswa kulipuuza.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 1914 askari wa Ujerumani waliichoma moto maktaba hiyo. Vitabu zaidi ya 200,000 viliteketea, pamoja na miswada ya kale isiyo na nakala. Wakutubi wa nchi nyingine hawakungoja vita viishe. Huko Manchester, Henry Guppy wa Maktaba ya John Rylands alianza kukusanya vitabu. Kufikia mwaka 1925 vilikuwa vimezidi 55,000. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 247, uliitaka Ujerumani nayo ilipe vitabu kwa vitabu.

Jengo jipya lilijengwa kwa michango ya Wamarekani. Msanifu wake, Whitney Warren, alitaka yachongwe maneno ya Kilatini yenye kuushutumu ukali wa Wajerumani. Mkuu wa chuo, Askofu Paulin Ladeuze, alikataa, na tarehe 4 Julai 1928 jengo likafunguliwa pasipo maneno hayo. Mwaka mmoja kabla yake, wajumbe wa nchi 15, Ubelgiji na Ujerumani zikiwamo, walikutana Edinburgh na kuunda umoja wa vyama vya wakutubi ambao baadaye uliitwa IFLA. Waliokuwa maadui walikaa meza moja kwa ajili ya vitabu.

Je, amani hiyo ilidumu? La. Mwezi Mei 1940 maktaba iliungua tena, na takriban vitabu 900,000 vilipotea. Ikajengwa upya. Kisha mwaka 1968 ugomvi kati ya wasemao Kiholanzi na wasemao Kifaransa ukakigawa chuo chenyewe; vitabu vikagawanywa kwa namba witiri na shufwa.

Hapo ndipo penye onyo kwetu. Mara mbili maktaba iliunguzwa na adui wa nje, na mara mbili ikasimama tena. Waliokuja kuigawa walikuwa Wakristo wa Kanisa moja. Basi, ndugu watumishi, tunapoomba amani kati ya mataifa, tusiache kuitafuta kwanza nyumbani mwetu.