Andiko la mradi, ruzuku na mkopo

andiko nm ma- [li-/ya-]. *Andiko la mradi* ni hati inayomweleza mfadhili tatizo lililopo, kazi itakayofanyika, muda, gharama na namna mabadiliko yatakavyopimwa. Wingi wake ni *maandiko ya miradi*. Neno *maandiko* likisimama peke yake humpeleka msomaji kwenye Maandiko Matakatifu. *Mchanganuo wa biashara* ni hati nyingine: huo huonyesha jinsi mtaji utakavyozaa faida.

ruzuku nm [i-/zi-]. Neno lina asili ya Kiarabu, shina moja na *riziki*. Kitenzi *ruzuku* ni kumjalia mtu mahitaji ya maisha, na mtendaji wake kwa kawaida ni Mwenyezi Mungu. Katika lugha ya fedha, nomino hii ina maana mbili: fedha za serikali za kupunguza bei (*ruzuku ya mbolea*), na fedha anazopewa mwombaji kwa kazi maalumu, asizozirejesha ila azitolee hesabu. Ya pili ndiyo inayotolewa na Foundation for Civil Society kwa asasi za kiraia, au na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), yenye ofisi Kijitonyama, Kinondoni, kwa watafiti.

Hapa ndipo *mkopo* huchanganywa na ruzuku. Halmashauri nchini, Kinondoni na Temeke zikiwemo, hutakiwa kisheria kutenga 10% ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya vikundi: 4% wanawake, 4% vijana, 2% watu wenye ulemavu. Kwa kuwa fedha hizo hazina riba, ni rahisi kuziita msaada. Lakini hurejeshwa. Mwanakikundi wa Mbagala au Bunju aliyetia saini akidhani amepewa ruzuku atajikuta mdaiwa, na mfasiri wa fomu aliyeandika *msaada* hawezi kukwepa lawama.

shughuli na tokeo. Tofauti yake huonekana katika kiima cha sentensi. Kiima cha shughuli ni mwombaji:

*Kikundi kitawafundisha mama lishe 40 wa Mbagala kutunza hesabu.*

Kiima cha tokeo ni mnufaika, naye hutenda jambo ambalo awali hakulitenda:

*Miezi 6 baada ya mafunzo, mama lishe 30 kati ya hao wataandika mauzo yao kila siku.*

Waandishi wengi huiandika sentensi ya kwanza mara mbili, mara ya pili wakiivisha kauli ya kutendwa: *Mama lishe 40 watakuwa wamefundishwa.* Kiima kimebadilika, lakini tukio ni lilelile; kauli ya kutendwa haigeuzi shughuli kuwa tokeo. Mtathmini mzoefu huliona hilo mara moja, na andiko huwekwa kando.

*Kuwajengea uwezo* nako kuna kasoro hiyohiyo, tena kumechakaa. Andika uwezo wenyewe: kusoma mizania, kushona sare, kukarabati pampu.